Sentimita Tisa za Mama Jicho

Daftari alilinunua katika duka la mtaa wa pili, ingawa la mtaa wake lilikuwa hatua ishirini tu kutoka mlangoni pake. Muuza duka wa karibu alimjua mno. Angetaka kujua daftari ni la nani. Huyu wa mtaa wa pili hakumjua kabisa, na bado akauliza.

"La mistari au la miraba?"

"La miraba."

"La mjukuu, eh? Yuko darasa la ngapi?"

"La saba," akajibu, na uongo ukamtoka laini kama uzi uliopakwa nta.

Mjukuu hakuwa naye. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, mkata vitambaa katika karakana ya kushona sare, na daftari lile lilikuwa lake mwenyewe. Alilitia ndani ya mfuko wa nguo, akalifunika kwa shuka iliyokunjwa, akatembea akiutupia mfuko jicho kila hatua, kana kwamba ungeweza kufunguka wenyewe na kumtangaza njia nzima.

Kazini walimwita Mama Jicho. Jina hilo alipewa mwaka wake wa pili pale, mteja alipoingia mlangoni na yeye, bila kunyanyuka wala kushika futi, akasema, "Huyu kiuno sabini na nne." Walipopima, ilikuwa sabini na nne na nusu. Mteja akajitetea kwamba ile nusu ni ya chakula cha mchana. Tangu hapo miaka kumi na tisa ilipita, na hapakuwa na nguo hata moja iliyorudishwa kwa sababu ya mkasi wake. Kama kosa lilikuwapo, lilitafutwa kwenye cherehani, kwenye zipu, kwenye pasi, popote pale isipokuwa kwenye meza ya kukatia.

Lakini Mama Jicho alikuwa na jambo lake moja alilolificha vizuri kuliko umri. Herufi katika hesabu hakuzijua. Namba alizijua kama vidole vyake: kuzidisha, kugawanya, robo, nusu, robo tatu, yote hayo aliyafanya kichwani huku chaki ikitembea kwenye kitambaa. Herufi zilipoingia tu, alifungwa. Chanzo chake alikikumbuka vizuri. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, mwalimu akaandika ubaoni p + 3, naye akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, p ni ngapi?" Mwalimu akamtazama, akasema, "p ni p." Darasa likaangua kicheko. Muhula mzima walimwita Pi-ni-ngapi, hata uwanjani, hata msalani. Mwaka ulipokwisha aliacha shule akaenda kumsaidia mama yake kushona, na mbele ya watu alisema sababu ni hali ya nyumbani. Hali ya nyumbani ilikuwa sababu moja. Ya pili hakumwambia mtu. Toka siku ile, kila alipokutana na herufi ndani ya hesabu, aliitikia kwa kichwa na kunyamaza.

Ndivyo alivyoitikia miezi miwili nyuma, ilipokuja kazi ya chuo cha uuguzi. Chuo kilitaka sketi sitini za mtindo mpya, kila sketi ya vipande vinne vilivyoungwa. Zamani karakana ilishona sketi za kipande kimoja kinachozunguka mwili mzima na mshono mmoja tu nyuma. Kwa sketi hizo Mama Jicho alipima upana wa mwili, na mwishoni kabisa, kabla ya kukata, akaongeza nafasi ya mshono mara moja. Mkono wake ulikuwa umefanya hivyo mara zisizo na idadi. Safari hii mchora violezo, ambaye alifanyia kazi zake mbali na pale, alileta karatasi moja ya kutumika kwa saizi zote. Juu yake aliandika: upana wa kitambaa = 4(p + 3). Chini akaorodhesha: saizi ndogo, p ni 20, ya kati, p ni 22, kubwa, p ni 25.

"Mama Jicho," akaita Fundi Mkuu, msimamizi wa karakana, akiinua karatasi, "hii inasomeka? Maana mimi hizi herufi tulipishana njiani, zenyewe zikienda shule, mimi nikitoka."

Karakana nzima ilicheka. Ilikuwa nafasi nzuri. Naye angeweza kucheka, akasema hata mimi, mambo yakaishia hapo. Badala yake alinyoosha mkono, akaipokea karatasi, akaitazama kwa muda ambao mtu anayesoma huchukua.

"Inasomeka," akasema.

Alikata sketi sitini kwa siku tatu. Ile 4 aliielewa: vipande vinne. Ile p, kwa kuwa namba yake imeandikwa chini, haikumtisha sana. Ile 3 aliijua: nafasi ya mshono, ile ile ya siku zote. Basi kwa saizi ya kati akazidisha 4 kwa 22, akapata 88, akaongeza 3, ikawa 91. Akapima sentimita tisini na moja za kitambaa, akazikunja mara mbili, akapata vipande vinne sawasawa, akakata. Alikuwa ameshughulika mno na kuonekana anasoma, hata hakupata nafasi ya kufikiri.

Kuunga vipande ilikuwa kazi ya Mama Pacha, mshonaji aliyekaa cherehani ya tatu karibu na dirisha. Alikuwa mdogo kwa Mama Jicho kwa miaka kama kumi na mitano, mama wa wasichana wawili mapacha, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kujibu. Wengine walitia zipu na mikanda ya kiuno. Sketi zikapigwa pasi, zikapelekwa chuoni, na siku ya tatu zikarudi zote. Matroni wa chuo alizisindikiza mwenyewe. Alisema hata yule mwanafunzi mwembamba anayeitwa Sindano hakupita.

Fundi Mkuu alizipima mbele ya wote. Ndogo ilipungua sentimita tisa. Ya kati ilipungua tisa. Kubwa ilipungua tisa.

"Mama Pacha," akasema, "umekula kitambaa."

"Fundi, mimi nimeshona sentimita moja na nusu kila upande wa kipande, kama nilivyoagizwa."

"Hata yale makoti uliniambia hivyo hivyo."

Makoti yalikuwa ya mwaka uliopita, na pale kweli Mama Pacha alikosea mikono. Akasema, "Ya makoti nilikubali. Hili silikubali. Labda tuangalie na mezani."

Watu waligeuka kumtazama Mama Jicho, baadhi yao wakiguna kwa hasira kwa niaba yake.

"Mama Jicho, ulikata kama karatasi ilivyosema?" akauliza Fundi Mkuu, kwa sauti ya mtu anayetimiza utaratibu tu.

"Kama ilivyosema."

Aliamini hivyo. Hakusema uongo; ila alilithibitisha jambo asilolijua. Hakuna aliyefumua mshono hata mmoja kupima. Siku ile ile Mama Pacha aliondolewa kwenye cherehani akapelekwa kwenye pasi, nyuma kabisa, karibu na mlango wa choo, mahali walipoanzia wasichana wasiojua hata kutunga uzi kwenye sindano. Kitambaa kingine kilipopatikana, Fundi Mkuu aliagiza violezo vya kadi vilivyokatwa tayari, ili, kama alivyosema, asiwepo wa kuisingizia karatasi. Mama Jicho alizungushia chaki kwenye kadi zile, mshonaji mwingine akaunga, na sketi zikawatosha wauguzi wote. Karakana ikaona hatia ya Mama Pacha imethibitika. Mama Jicho alipoishika kadi ya saizi ya kati, alihisi ni pana kidogo. Jicho lake lilimwambia. Akaliambia linyamaze.

Halafu likaja tangazo: toka sasa karatasi zote zitakuja kwa herufi, na wakataji watatu wa mezani watafanya mtihani mfupi Ijumaa ya wiki inayofuata. Ndiyo maana ya daftari.

*

Jumapili mchana alikwenda kwa wifi yake, dada wa mumewe, mwalimu wa hesabu katika shule ya sekondari. Wifi huyo alikuwa na sauti ya kufika darasa la tatu kutoka la kwanza, na utani wao haukuwa na mpaka.

"Wifi, hilo furushi vipi? Umeniletea viraka Jumapili?"

"Nifungulie kwanza, majirani wanaona."

"Wanaona nini?" Wifi akachungulia mfukoni, akainua shuka, akaliona daftari. "Makubwa! Kumbe kaka yangu kaoa mwanafunzi na hakutuambia!"

"Ukipiga kelele narudi nyumbani."

Wifi alimtazama usoni, akaona kwamba huyu leo hakuja kutaniwa. Akafunga mlango, akaondoa vyombo mezani, akakausha meza kwa kitambaa, akaketi upande mmoja naye badala ya kumkabili.

"Tuanzie wapi?"

Mama Jicho aliitazama miraba ya ukurasa wa kwanza. Ilimchukua muda.

"Wifi, p ni ngapi?"

Akasubiri kicheko. Wifi hakucheka.

"Hilo ndilo swali lenyewe," akasema. "Wanafunzi wangu wengi hawaliulizi, wanakimbilia kukokotoa. p ni namba ambayo bado hatujaambiwa, au bado hatujaichagua. Tunaiwekea herufi ili kazi isisimame tukiisubiri. Kwa kuwa inaweza kubadilika, tunaiita kigeu. Leo 20, kesho 25. Ila ndani ya hesabu moja haibadiliki: ukishasema ni 22, ni 22 kila mahali ilipoandikwa."

"Basi?"

"Basi."

Mama Jicho aliinamisha kichwa akajifanya anachonga penseli. Miaka thelathini na minane alikuwa amebeba swali lile kama alama ya ujinga wake, na kumbe lilikuwa swali tu, lenye jibu la pumzi moja.

Wakaendelea taratibu. Wifi alimwonyesha kwamba 3p ni mtajo mmoja, na 5 ni mtajo mwingine. Kwamba mitajo yenye herufi ile ile hujumlishwa pamoja, na namba tupu hukaa na namba tupu wenzake.

"Kwa nini 3p na 5 isiwe 8p?"

"Una sindano tatu na vifungo vitano. Una sindano nane?"

"Hapana."

"Una vifungo nane?"

"Wifi, nimeelewa, usinipeleke chekechea."

"Uliyataka mwenyewe, mwanafunzi."

Wakaja kwenye mlinganyo: pande mbili zenye thamani moja, na alama ya sawasawa katikati. Ukipunguza huku, punguza na kule. Ukigawanya huku, gawanya na kule. Wifi akaandika 2p + 6 = 50. Mama Jicho akatoa 6 pande zote mbili, akabaki na 2p = 44, akagawanya kwa 2, akapata 22. Aliiangalia ile 22 kama mtu anayeiangalia picha yake akiwa mtoto. Furaha ilimpanda hadi masikioni. Laiti somo lingeishia hapo.

"Haya, mabano," akasema wifi. "Niandikie mfano wowote wa kazini kwenu."

Mama Jicho akaandika 4(p + 3), kwa kuwa ndio pekee aliokuwa nao kichwani.

"Yafungue."

Akaandika chini yake, kwa mkono wake mzuri wa chaki: 4p + 3.

Wifi alicheka kwa wema, akachukua kalamu nyekundu. "Hapo ndipo darasa langu zima linapoanguka kila mwaka. Sikiliza. Namba iliyo nje ya mabano ni mgeni aliyeingia sebuleni. Anampa mkono kila aliyekaa, si yule wa karibu na mlango peke yake. Wewe umemsalimu p, tatu umempita kama humjui. Nne mara p, na nne mara tatu. Ni 4p + 12." Akageuza daftari. "Sasa tuone umekosa kwa kiasi gani. Toa la kwako kutoka kwenye la sahihi."

Mama Jicho akaandika. 4p kutoa 4p, hakuna kitu. 12 kutoa 3.

"Tisa," akasema.

"Umeona inavyopendeza? p yenyewe imeondoka. Maana yake iwe ndogo, iwe ya kati, iwe kubwa, kosa lako ni lile lile: tisa, tisa, tisa."

Wifi alikuwa bado anasema jambo kuhusu mitajo inayofanana. Mama Jicho hakusikia. Alikuwa anaiona futi mikononi mwa Fundi Mkuu, ikiwekwa kwenye sketi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mshonaji anayekula kitambaa hula ovyo, hapa zaidi, pale kidogo. Tisa iliyo sawasawa kwa saizi zote haitoki kwenye cherehani. Inatoka kwenye hesabu. Mtu yeyote mwenye herufi mbili kichwani angeiona pale pale, na yeye alikuwa amesimama karibu kuliko wote, mkono wake juu ya meza, akisema: kama ilivyosema.

"Wifi, vipi? Umepauka."

"Joto tu."

"Joto lipi? Hebu kunywa maji."

Alikunywa maji. Alishindwa kumwambia hata wifi.

*

Wiki ile ilikuwa ndefu. Kila asubuhi ili kufika kwenye meza yake ilimbidi apite kwenye pasi, na kila asubuhi Mama Pacha aliinua uso wenye jasho akamwamkia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

Hilo marahaba ndilo lililomtesa. Alikuwa anapokea heshima ya mtu aliyebebeshwa kosa lake. Siku ya pili alichelewa kwa makusudi ili amkute ameinama. Mama Pacha akainuka. "Shikamoo dada. Leo umeamka vibaya?" Siku ya tatu alizunguka kwa mlango wa nyuma, ule wa kupokelea mizigo, akaingia kama mwizi kazini kwake mwenyewe. Mchana hakuketi na wenzake. Alisema tumbo. Mumewe, mtu mpole asiyeuliza mara mbili, alimwona akisukuma chakula huku na huku kwenye sahani akauliza mara mbili. Akamjibu ni mtihani.

"Mtihani ukiushindwa, watakufunga jela?"

"Hapana."

"Sasa?"

Alijua kwamba hofu yake halisi ilikuwa kuufaulu.

Akaufaulu. Maswali kumi, yaliyoletwa na mchora violezo katika bahasha, na yeye akapata yote kumi. Wakataji wenzake walipata sita na manne. Fundi Mkuu alisimamisha mashine zote akasoma matokeo kwa sauti, akamshika bega.

"Mnaona? Jicho, mkono, na sasa kichwa! Mpigieni makofi."

Wakapiga. Mama Jicho alitazama sakafu yenye vipande vya nyuzi, kisha macho yakamponyoka yakaenda nyuma kabisa. Mama Pacha alikuwa ameisimamisha pasi wima, naye anapiga makofi kama wengine, mvuke ukimpita usoni. Hakutabasamu, wala hakununa. Alikuwa anamtazama tu.

Makofi yalipokwisha, Mama Jicho alimfuata Fundi Mkuu ofisini, akafunga mlango, akasema yote akiwa amesimama: karatasi, 91 badala ya 100, tisa. Hata la "inasomeka" alilisema.

Fundi Mkuu alimsikiliza akizungusha kibweta cha pini mkononi. Kisha akashusha pumzi.

"Mama Jicho, jambo hilo limekwisha. Chuo wamevaa sketi zao. Ukilifumua leo, mimi nitawaambia nini watu? Kwamba nilimwondoa mshonaji bila kufumua hata mshono mmoja? Na wewe, miaka kumi na tisa, unataka ifutwe kwa siku moja? Tulia. Mwezi ujao nitamrudisha Mama Pacha kimyakimya, na hakuna aliyeumia."

"Nimekusikia, fundi."

Alirudi mezani mwili umekuwa mwepesi. Alikata mikono ya mashati kumi na mawili akiimba puani, na katika la kumi na tatu ndipo aliposikia kwamba anaimba. Mkasi ukasimama. Aliwahi kuona haya maishani, ya kuchekwa, ya kutojua, ya kudanganya dukani. Haya hii ilikuwa nyingine. Alikuwa amefurahi. Ameambiwa mwenzake atasimama mwezi mwingine kwenye mvuke kwa kosa lisilo lake, naye amefurahi.

Aliweka mkasi chini, akaenda hadi kwenye pasi.

"Mama Pacha, nina neno."

"Sema, dada, nakusikia. Nikiacha hii kola itaungua."

"Zile sketi. Nilizikata vibaya mimi. Wewe hukula kitambaa."

Pasi ilikwenda hadi mwisho wa kola, ikarudi. Mama Pacha akaisimamisha.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Siku ile zinarudi, moja niliitia kwenye mfuko nikaenda nayo nyumbani. Nikaifumua, nikapima. Kipande ishirini na mbili na robo tatu, na kinatakiwa ishirini na tano. Sikujua umekoseaje, hesabu zenu za herufi sizijui. Ila nilijua ni meza."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Nilisema siku ile, 'labda tuangalie na mezani', wakanigunia kama nimemtukana mama yao. Niende na kipande mkononi, halafu? Wangesema nimekipunguza mwenyewe kwa mkasi." Akaikunja kola. "Nikasema, ngoja. Dada si mtu mbaya. Siku akijua, atasema. Wiki hii nikaona unapita mlango wa mizigo, nikasema, haya, leo kajua. Nikawa nakuhesabia siku. Leo ya tatu."

Mama Jicho alifungua kinywa, machozi yakatangulia.

"Mama Pacha, nisamehe."

"Hapana, dada, usinililie hapa." Sauti yake haikupanda. "Mimi sikuambiwa nyuma huku, kwenye mlango wa choo. Niliambiwa pale, kwenye meza yako, watu wote wakisikia. Mabinti zangu wameulizwa shuleni kama kweli mama yao ameshushwa kwa kuharibu nguo za wauguzi. Unataka kusema? Kasemee pale."

Akaishika pasi tena.

*

Jumatatu asubuhi, kama kila Jumatatu, wote walikusanyika kuizunguka meza ya kukatia ili Fundi Mkuu agawe kazi. Mama Jicho hakumsubiri aanze. Alichukua chaki yake, akaandika juu ya kitambaa cheusi kilichotandazwa, kwa maandishi makubwa: 4(p + 3). Chini yake akaandika hesabu aliyoifanya yeye, kisha iliyotakiwa. Akaeleza kwa utaratibu, mtajo kwa mtajo, kwa sababu alihofia kwamba akisema haraka wangedhani anajitwisha kosa kwa huruma. Sauti ilimkatika mara moja tu, alipofika kwenye maneno "nikasema inasomeka".

Fundi Mkuu alikohoa. Kisha mtia zipu, mwanamke mkubwa asiyewahi kunyamazisha ulimi wake, akasema:

"Kumbe jicho lenyewe lina mtoto wa jicho!"

Wakacheka, wengine kwa aibu, wengine kwa raha, na Mama Jicho alisimama katikati ya kicheko kile bila kugeuza uso. Kilikuwa cha haki. Alikiacha kiishe.

"Nilikwambia utulie," akanong'ona Fundi Mkuu, uso umemwiva. Halafu, kwa kuwa wote walikuwa wanamtazama yeye sasa, akanyoosha mgongo. "Mama Pacha, rudi kwenye cherehani yako. Leo hii. Na mimi nilipaswa kufumua mshono, sikufumua. Hilo nalo mlisikie."

Mama Pacha aliketi cherehani ya tatu. Alipangusa vumbi lililokusanyika, akatia uzi, akajaribu mshono mmoja kwenye kiraka. Mama Jicho alimpelekea fungu la kwanza la vipande mwenyewe, badala ya kumsubiri aje kuchukua.

"Nikufundishe zile herufi?" akamwuliza kwa sauti ndogo. "Si ngumu. Saa ya chakula tu."

"Wanangu wako shule, watanifundisha."

Kisha Mama Pacha akavuta futi kutoka shingoni, akafungua fungu, akaweka kipande cha kwanza juu ya goti, akakipima, juu, katikati, chini. Haikuwa desturi ya karakana. Mshonaji hapimi kilichotoka mezani. Mashine za jirani zilipunguza mwendo, watu wakatazama. Mama Jicho alihisi joto likimpanda shingoni, na mguu wa kuondoka ulikuwa tayari, akauzuia. Akabaki amesimama kando ya cherehani, mikono ameikunja mbele, kama mwanafunzi anayesubiri daftari lake lirudi.

Mama Pacha alikiweka kando kipande kile bila kusema kimekuwa sawa au hapana.

"Lete kingine," akasema.